Utafiti wa kijeshi: Jinsi Marekani hununua kitu ambacho hakijakuwapo

MNAMO Desemba 12, 1970, Wakenya walipokuwa wakiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ilifyatuka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Roketi hiyo ya Marekani, iliyorushwa na wahandisi wa Italia, ilibeba setilaiti ndogo ambayo wenyewe waliipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowapokea.

Setilaiti hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei inayotoka angani. Ilipomaliza kazi, wataalamu walikuwa na orodha ya vyanzo 339 vya miali hiyo. Riccardo Giacconi, mwanasayansi mzaliwa wa Italia aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2002.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba elimu hiyo ilikuzwa na fedha za jeshi. Giacconi aliajiriwa na kampuni ya American Science and Engineering, iliyokuwa ikifanyia serikali ya Marekani kandarasi za kupima miali inayotokana na milipuko ya nyuklia katika anga za juu. Mnamo Juni 18, 1962, kundi lake lilirusha roketi kutoka White Sands, New Mexico, kwa gharama ya Jeshi la Wanahewa. Lengo lililotajwa lilikuwa kutafuta miali ya eksirei inayotoka mwezini. Hawakupata walichokitafuta. Badala yake, vifaa vyao vilinasa miali mikali kutoka mbali zaidi, upande wa kundi la nyota la Nge. Miaka minane baadaye, safari iliyoanza namna hiyo ikafika Malindi.

Kisa hiki kinaibua swali ambalo kila serikali hukabiliana nalo. Serikali inapowanunulia askari viatu, hujua idadi, bei na siku ya kuvipokea. Inaponunua utafiti, hununua kitu ambacho hakijakuwapo, na pengine hakitakuwapo kamwe. Je, mlipa ushuru atajuaje kwamba fedha zake hazikuliwa?

Fedha zenyewe

Hakuna nchi ambayo imelijaribu swali hili kwa gharama kubwa kuliko Marekani. Katika mwaka wa fedha wa 2023 pekee, bunge la Congress liliidhinisha takribani dola bilioni 140 kwa ajili ya utafiti, utengenezaji wa mifano na majaribio katika Wizara ya Ulinzi.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba fedha hizo zote huenda kwa wanasayansi waliojifungia maabarani. Bajeti hiyo hugawanywa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni utafiti wa kimsingi, unaotafuta maarifa bila kulenga silaha yoyote. Ya pili ni utafiti wa matumizi, na ya tatu ni kuunda teknolojia na kuonyesha kwamba inaweza kufanya kazi. Ngazi hizi tatu, ambazo ndizo sayansi hasa, huchukua chini ya moja ya tano ya fedha zote. Sehemu kubwa inayosalia hutumiwa kukamilisha na kujaribu ndege, makombora, nyambizi na programu za tarakilishi ambazo tayari zimeamuliwa.

Tofauti hii ina uzito. Mbunge akisema utafiti umeongezewa fedha, huenda anazungumzia kombora ambalo muundo wake umekwisha kuchorwa, wala si chuo kikuu kinachochunguza tabia za madini.

Hofu ya Sputnik

Mfumo wa sasa ulizaliwa na hofu. Mnamo Oktoba 4, 1957, Muungano wa Kisovieti ulirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu. Wamarekani walishtuka. Ilibainika kwamba vikosi vyao vya nchi kavu, vya majini na vya angani vilikuwa vikishindana kwa roketi, kila kimoja kikificha siri zake kwa mwenzake.

Mnamo Februari 1958, utawala wa Rais Dwight Eisenhower uliunda shirika jipya la miradi ya utafiti, lililojulikana kama ARPA. Herufi D, ya neno la Kiingereza lenye maana ya ulinzi, iliongezwa mwaka wa 1972, na tangu hapo shirika hilo limefahamika zaidi kama DARPA. Sehemu kubwa ya miradi ya anga za juu ilihamishiwa NASA, shirika la kiraia lililoundwa mwaka huo huo wa 1958.

DARPA, yenye makao yake Arlington, Virginia, haina maabara yake yenyewe. Ina wasimamizi wa miradi wapatao 100, ambao kwa kawaida huajiriwa kwa miaka mitatu hadi mitano, kisha huondoka. Kila msimamizi huteua tatizo gumu, hutangaza mwaliko wa mapendekezo, na hutoa kandarasi kwa vyuo vikuu, kampuni kubwa na kampuni changa. Mradi usiotimiza masharti ya hatua moja hunyimwa fedha za hatua inayofuata. Bajeti ya shirika hilo imekuwa takribani dola bilioni nne kwa mwaka, kiasi kidogo kikilinganishwa na fedha zote za utafiti wa wizara.

Kandarasi iliyozaa intaneti

Kandarasi mashuhuri kuliko zote zilizotolewa na shirika hilo haikuhusu bunduki wala bomu. Mnamo 1966, Robert Taylor, aliyeongoza idara ya tarakilishi katika ARPA, alichoshwa na jambo dogo: ofisini mwake kulikuwa na mitambo mitatu tofauti, kila mmoja ukizungumza na tarakilishi moja ya mbali na hauwezi kuzungumza na nyingine. Aliomba fedha za kuziunganisha, na mkuu wake akamtengea dola milioni moja.

Mwaka wa 1968, mwaliko wa zabuni ulipelekwa kwa kampuni zipatazo 140. Kampuni kubwa ya IBM haikuwania. Mshindi alikuwa kampuni ndogo ya BBN kutoka Cambridge, Massachusetts, iliyopewa kandarasi ya takribani dola milioni moja. Mtambo wake wa kwanza, wenye ukubwa wa jokofu, ulifika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa Agosti 1969.

Mnamo Oktoba 29, 1969, mwanafunzi mmoja chuoni humo alijaribu kutuma neno la kuingilia katika tarakilishi iliyokuwa Stanford Research Institute. Alifaulu kutuma herufi mbili za kwanza tu, kisha mtambo ukakwama. Ndivyo ulivyoanza mtandao wa ARPANET. Kufikia mwisho wa mwaka huo, tarakilishi nne zilikuwa zimeunganishwa. Kanuni za mawasiliano zilizobuniwa na Vint Cerf na Robert Kahn zilianza kutumika rasmi katika mtandao huo Januari 1, 1983, na ndizo msingi wa intaneti ambayo leo hutumiwa na mkulima wa Kitale kuulizia bei ya mahindi.

Mfumo wa GPS, unaomwongoza dereva wa teksi jijini Nairobi, una historia kama hiyo. Ulianzishwa na jeshi la Marekani mwaka wa 1973, setilaiti yake ya kwanza ikarushwa 1978, na ukatangazwa kukamilika mwaka wa 1995. Hadi Mei 2000, ishara waliyopewa raia ilipunguzwa usahihi kwa makusudi.

Namna mbili za kulipa

Mkataba wa utafiti unaweza kuandikwa kwa namna mbili kuu. Katika namna ya kwanza, serikali hulipa gharama zote halali za mwanakandarasi, kisha humwongezea faida iliyokubaliwa. Hatari yote hubebwa na serikali. Mtafiti hana hofu ya kufilisika, lakini pia hana sababu kubwa ya kubana matumizi.

Katika namna ya pili, bei hutajwa mapema na haibadiliki. Gharama zikizidi, ni juu ya mwanakandarasi. Namna hii humvutia mwanasiasa kwa sababu inaonekana kumlinda mlipa ushuru. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kutaja bei ya kweli ya kitu ambacho hakijavumbuliwa.

Mfano wa kusikitisha ni ndege ya kivita ya A-12, iliyokusudiwa kutoonekana kwenye rada na kutumiwa na Jeshi la Wanamaji. Mnamo Januari 1988, kampuni za McDonnell Douglas na General Dynamics zilipewa kandarasi ya bei isiyobadilika, yenye thamani ya takribani dola bilioni 4.8. Ndege ikawa nzito kuliko ilivyotarajiwa, ratiba ikachelewa na gharama zikapanda. Mnamo Januari 1991, Waziri wa Ulinzi Dick Cheney aliamuru mradi uvunjwe. Hakuna hata ndege moja iliyokuwa imeruka.

Serikali ilitaka irudishiwe dola bilioni 1.35. Kampuni nazo zilijitetea kwamba zilikwama kwa sababu serikali ilikataa kuzipa ujuzi iliokuwa nao kuhusu teknolojia hiyo. Ili kuamua nani mkweli, mahakama ilihitaji kufungua siri za ndege zisizoonekana kwenye rada, jambo ambalo serikali ilikataa. Mnamo Mei 2011, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahali ambapo siri za taifa zinazuia ukweli kujulikana, kila upande ubaki ulipo. Kesi hiyo ilimalizika mwaka wa 2014, baada ya miaka 23, kwa makubaliano ya malipo ya dola milioni 400, ambayo nusu yake ilikuwa juu ya General Dynamics na nusu juu ya Boeing, iliyokuwa imeinunua McDonnell Douglas. Malipo hayo yalikuwa ya ndege na huduma, wala si pesa taslimu.

Mlungula Pentagon

Wapo wanaodhani kwamba ufisadi katika kandarasi za usalama ni ugonjwa wa Afrika pekee. Historia inawakanusha. Mnamo 1986, mwanakandarasi mmoja katika jimbo la Virginia aliwaarifu wapelelezi kwamba ametafutwa na mshauri aliyetaka kumuuzia siri za zabuni. Badala ya kumkamata mshauri huyo na kunyamaza, wapelelezi walisikiliza simu zake kwa muda mrefu.

Uchunguzi huo, uliopewa jina la Ill Wind na kutangazwa hadharani mwaka wa 1988, ulisababisha kuhukumiwa kwa zaidi ya watu 60 na kampuni kadhaa. Mkubwa wao alikuwa Melvyn Paisley, aliyekuwa naibu waziri msaidizi aliyesimamia utafiti na uhandisi katika Jeshi la Wanamaji. Alikiri makosa mwaka wa 1991 na kufungwa jela miaka minne. Mwaka huo huo wa 1988, Congress ilipitisha sheria iliyoharamisha kutoa au kupokea habari za siri kuhusu zabuni.

Bunge lenye meno

Kinachoutofautisha mfumo huo na mingine mingi si kutokuwapo kwa makosa, bali kuwapo kwa watu wenye uwezo wa kusema hapana. Eisenhower mwenyewe, katika hotuba yake ya kuaga mnamo Januari 17, 1961, aliwatahadharisha wananchi wajihadhari na nguvu za jeshi zikishirikiana na viwanda vya silaha, na akaonya kwamba kandarasi ya serikali inaweza kuchukua nafasi ya udadisi wa msomi.

Onyo hilo halikuwa la bure. Mwaka huo huo, ARPA ilianzisha mradi wa AGILE huko Vietnam, ambao miongoni mwa kazi zake ulikuwa majaribio ya kemikali za kukausha majani msituni. Majaribio hayo yalitangulia unyunyizaji mkubwa wa sumu, ikiwemo ile ya Agent Orange, ambayo madhara yake kwa raia wa Vietnam na kwa askari wa Marekani yangali yanalalamikiwa. Utafiti hauwi mwema kwa sababu tu umeitwa utafiti.

Mnamo 1969, Seneta Mike Mansfield alifaulu kupitisha kifungu kilichotaka kila utafiti unaolipiwa na Wizara ya Ulinzi uwe na uhusiano wa moja kwa moja na kazi ya jeshi. Kuanzia 1975 hadi 1988, Seneta William Proxmire alikuwa akitangaza tuzo ya kejeli kwa mradi ulioharibu fedha za umma kuliko mingine. Baadhi ya wanasayansi walilalamika kwamba aliidhihaki miradi asiyoielewa, na si mara zote alikuwa sahihi. Lakini kila ofisa alijua kwamba kuna macho yanayotazama.

Tukio la karibuni zaidi ni la 2003. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, DARPA ilianzisha mradi wa kukusanya na kuchambua kumbukumbu nyingi ili kuwanasa magaidi. Wananchi walihofia kwamba kila ununuzi na kila safari yao ingefuatiliwa. Licha ya hofu ya ugaidi iliyotanda wakati huo, Congress ilizuia fedha za mradi huo na ofisi yake ikafungwa, ingawa sehemu za kazi hiyo ziliendelea katika idara nyingine za ujasusi.

Zawadi badala ya ahadi

Ipo pia njia ya tatu, ambayo ni kumlipa mtu baada ya kazi kufaulu. Mnamo Machi 2004, DARPA iliahidi dola milioni moja kwa gari litakalovuka jangwa la Mojave bila dereva, mwendo wa maili 142. Magari 15 yalianza. Lililofika mbali zaidi lilikwama baada ya maili saba na kitu. Hakuna aliyelipwa.

Mwaka uliofuata, zawadi iliongezwa hadi dola milioni mbili. Mnamo Oktoba 8, 2005, magari matano yalimaliza safari, na lile la Chuo Kikuu cha Stanford likaibuka mshindi. Kiongozi wa kikosi hicho, Sebastian Thrun, baadaye aliongoza mradi wa Google wa magari yanayojiendesha. Kwa milioni hizo mbili, serikali ilikuwa imewafanya makumi ya vikosi kutumia fedha na usiku wao kulitafutia tatizo lake ufumbuzi.

Nani hunufaika?

Swali gumu zaidi huja baada ya mafanikio. Tangu sheria ya Bayh-Dole ya mwaka wa 1980, chuo kikuu au kampuni ndogo iliyovumbua kitu kwa fedha za umma huruhusiwa kumiliki hataza ya uvumbuzi huo, huku serikali ikibaki na haki ya kuutumia bila malipo. Wanaoiunga mkono husema kwamba hapo awali uvumbuzi mwingi ulikuwa ukilala makabatini bila kumfaa mtu. Wapinzani husema mwananchi hulipa mara mbili: kwanza kwa ushuru, kisha dukani.

Chukua chanjo ya Covid-19. Mwaka wa 2013, DARPA iliipa kampuni changa ya Moderna hadi dola milioni 25 ili kuendeleza teknolojia ya mRNA, kwa nia ya kuwakinga askari haraka dhidi ya maradhi mapya. Desemba 2020, chanjo ya kampuni hiyo iliidhinishwa kwa matumizi ya dharura nchini Marekani, baada ya serikali kuongeza fedha nyingine nyingi.

Hapa Kenya, habari hiyo ina sehemu ya pili. Mnamo Machi 2022, Moderna ilitangaza kwamba ingejenga kiwanda humu nchini kwa gharama ya hadi dola milioni 500. Aprili 2024, ilisema imesitisha mpango huo kwa kuwa hitaji la chanjo ya Covid-19 barani Afrika lilikuwa limepungua. Serikali iliyolipia mwanzo wa utafiti ilipata chanjo miongoni mwa wa kwanza; wasiolipia walisubiri hisani.

Funzo kwetu

Kenya haina haja ya kuiga bajeti ya Marekani, wala haiwezi. Lakini inajua vyema gharama ya kandarasi za usalama zisizokaguliwa. Sakata ya Anglo Leasing, iliyofichuka mwaka wa 2004, ilihusu mikataba ya vifaa kama vile mitambo ya pasipoti na maabara ya uchunguzi wa uhalifu. Mikataba 18 ilifanyiwa ukaguzi maalum. Miaka kumi baada ya kufichuka kwake, mwaka wa 2014, serikali ililazimika kulipa takribani Sh1.4 bilioni kwa sababu ya hukumu za mahakama za ng'ambo. Ngao iliyoikinga mikataba hiyo isihojiwe mapema ilikuwa neno moja: usalama.

Katiba ya 2010 imejaribu kuziba pengo hilo. Kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi, wa ushindani na wenye kulinda thamani ya fedha. Kifungu cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mamlaka ya kukagua kila asasi inayotumia fedha za umma.

Yapo mambo matatu ambayo kisa cha Marekani kinatufunza. La kwanza, fedha za utafiti zitolewe kwa hatua, na mradi uliokwama usimamishwe bila haya. Pili, siri ihusu namna kifaa kinavyofanya kazi, isihusu nani aliyelipwa wala kiasi gani. Tatu, makubaliano kuhusu umiliki wa uvumbuzi yaandikwe kabla ya senti ya kwanza kutolewa, kwa kuwa baada ya mafanikio kila mtu hudai kuwa baba wa mtoto.

Giacconi alitafuta miali mwezini akaipata kwenye nyota. Serikali ililipia jambo moja ikavuna jingine kubwa zaidi, na hakuna mkaguzi aliyelalamika, maana hesabu zilikuwapo na matokeo yakachapishwa mbele ya ulimwengu mzima. Ulipaji wa namna hiyo si ubadhirifu hata pale utafiti unapotoka mikono mitupu. Ubadhirifu huanza pale ambapo hakuna anayeruhusiwa kuuliza kilichopatikana. Wahenga hawakuwahi kuiona roketi, lakini waliyasema haya zamani: mali bila daftari huisha bila habari.